Nyangumi Hafukuzwi kwa Gari

"Mimi na mume wangu tumeweka akiba miaka miwili ili tuwapeleke watoto Afrika Kusini wakawaone nyangumi wanaohama. Mmoja ana miaka 11, mwingine 5. Tutakuwa na mama mkwe wangu, ana miaka 70 na aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Tuna siku kumi. Tumepanga kukodi gari Cape Town na kuifuata pwani hadi Durban, ili kila siku tuwe karibu na wanakopita, na tupande boti angalau mara tatu maana nimeambiwa ukiwa nchi kavu huoni zaidi ya doa. Likizo ndefu ya watoto ni Desemba, ila wana pia wiki tatu za Agosti. Tumeegemea Desemba kwa sababu bahari itakuwa ya joto. Je, mpango huu unafaa? Na huyu wa miaka mitano nimfanyeje asichoke?"

Dada yangu, barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: lini, wapi, na juu ya chombo gani. Nyuma ya yote nasikia hofu moja, nayo naielewa vizuri: akiba ya miaka miwili iishie kwenye maji matupu, huku bibi amekaa garini siku kumi ameshika kiuno. Nianze na Desemba, maana mkikosea mwezi, hakuna barabara wala boti itakayowaokoa.

Desemba nyangumi mnaowafuata hawatakuwepo. Wanaanza kuingia kwenye ghuba za kusini mwa Afrika Kusini mnamo Juni, wanakuwa wengi kati ya Agosti na Oktoba, na Novemba ikiisha karibu wote wamesharudi kusini. Mkienda Desemba mtapata jua, ufuo uliojaa watu, hoteli zilizopandisha bei, na bahari isiyo na kitu. Kuna nyangumi wa Bryde ambaye hukaa pwani ile mwaka mzima, lakini huyo ni wa kujificha, hukaa mbali kidogo, na simshauri mtu apande ndege kwa ajili yake. Na hilo joto la bahari ni habari ya Durban zaidi. Upande wa Cape Town maji huuma miguu hata wakati wa kiangazi chao. Basi chukueni zile wiki tatu za Agosti. Kutakuwa na baridi na mvua, nitayafikia hayo, lakini ndio wakati wenyewe.

La pili ni neno lako "wanakopita". Hili ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu, kwa sababu mpango mzima wa Cape Town hadi Durban umejengwa juu yake. Pwani ile ina nyangumi wa aina mbili wanaotafutwa na wageni, na tabia zao hazifanani kabisa.

Wa kwanza ni nyangumi kibyongo, mwenye mapezi marefu ya ubavuni, yule mnayemwona kwenye picha akiruka mwili mzima nje ya maji. Huyu kweli ni mpita njia. Anatoka kwenye bahari baridi ya Antaktika, mnamo Juni na Julai anapanda pwani ya mashariki kuelekea maji ya joto ya Msumbiji na kwingineko, kisha kuanzia Septemba anaanza kurudi. Wanaoonekana Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Septemba ni wa aina hiyohiyo. Ukitaka kumwona huyu upande wa Durban na St Lucia, boti ina maana, kwa sababu yeye yuko njiani na njia yake iko nje kidogo ya ufuo.

Wa pili ndiye anayeifanya pwani ya Cape iwe maarufu. Wawindaji wa zamani walimwita nyangumi "sahihi", na maana yao haikuwa nzuri: kwao alikuwa sahihi kuuawa. Mwendo wake ni wa pole, hukaa karibu na nchi, ana mafuta mengi, na akifa huelea badala ya kuzama. Walimmaliza karibu wote. Mwaka 1935 kumwinda kulipigwa marufuku kimataifa, ingawa katika miaka ya 1950 na 1960 meli za Kisovieti ziliendelea kumuua kwa siri. Anafika urefu wa mita 15 hivi na uzito unaozidi tani 40. Mgongo wake hauna pezi, na kichwani ana sugu kubwa zenye ukwaruzo, ambazo huonekana nyeupe kwa sababu zimejaa chawa wa nyangumi. Mwambie huyo wa miaka 11 habari ya chawa, utakuwa umemshika. Mpangilio wa sugu hizo haufanani kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria hupita juu yao kila mwaka kwa helikopta wakiwapiga picha za vichwa na kuwatambua mmoja mmoja. Kuna majike wanaojulikana hivyo kwa miongo kadhaa.

Huyu wa pili hapiti. Amekwisha kufika. Miezi ya kiangazi anakula kule kusini, na majira ya baridi anaingia kwenye ghuba zenye mchanga na maji ya kina kifupi ili azae, anyonyeshe au atafute mwenzi. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita tano au zaidi na uzito wa tani moja hivi. Mama huyo huchagua mahali penye kivuli cha mawimbi makubwa, palipo mbali na orka wanaoweza kumla mtoto, kisha hukaa hapohapo kwa wiki nyingi. Wakati huo wote karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na mafuta hayohayo ndiyo yanayogeuka maziwa.

Sasa utaona tatizo la ile safari ya Durban. Ni zaidi ya kilomita 1,600, na sehemu kubwa ya barabara ya N2 haiko baharini kabisa. Ukishafika upande wa Mthatha uko bara, unatazama vilima na ng'ombe. Mtakuwa mmewaacha nyangumi wametulia nyuma yenu, mnaendesha saa tano kwa siku kwenda kuwatafuta mbele. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na siku sita na kiburi cha mtu aliyesoma vitabu. Kila mahali nilikaa nusu saa, nikasema "hakuna kitu", nikawasha gari. Nilirudi nimewaona wanne. Mwaka uliofuata gari liliharibika nikakwama mji mmoja siku tatu, na nikiwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri fundi niliona wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: vituo viwili tu, na mkae. Siku ya kuwasili laleni Cape Town. Usimruhusu mtu aliyetoka kwenye ndege ashike usukani jioni hiyohiyo. Kesho yake nendeni Hermanus. Kwa N2 ni kama kilomita 120, saa moja na nusu hivi, lakini nyinyi mkifika Gordon's Bay shikeni R44, ile wanayoiita Clarence Drive, inayokumbatia mlima na bahari kupitia Rooi-Els, Betty's Bay na Kleinmond. Ipeni nusu siku. Betty's Bay kuna pengwini wa Stony Point, nao wanamfaa sana mtoto wa miaka mitano kwa sababu wako palepale, hawahitaji subira. Hermanus laleni usiku nne. Kisha De Hoop, hifadhi ya pwani nitakayoieleza mbele, usiku tatu, halafu mrudi Cape Town mlale usiku wa mwisho. Siku kumi zimekwisha, na hakuna siku ambayo bibi atakaa garini zaidi ya saa nne au tano. Durban iacheni kwa akiba ya miaka miwili mingine.

Hermanus ina kitu ambacho sijakiona kwingine: njia ya miguu ya kama kilomita 12 juu ya majabali, kutoka Bandari Mpya hadi ufuo wa Grotto, yenye mabenchi, na haina kiingilio. Tangu 1992 mji huo una mpiga baragumu la mwani ambaye kazi yake ni kuwatangazia watu nyangumi wameonekana wapi. Si lazima mtembee njia yote. Karibu na Bandari ya Zamani na Gearing's Point unaegesha, unatembea hatua chache, unakaa. Mama mkwe wako ataona sawasawa na kijana mwenye miguu ya mbuzi.

Kuhusu "doa", aliyekuambia hivyo pengine alikwenda mahali pengine, au alikaa nusu saa kama mimi. Sheria ya Afrika Kusini hairuhusu chombo chochote kumkaribia nyangumi chini ya mita 300; boti zenye kibali maalumu cha kuonyesha nyangumi ndizo zinazoweza kufika mita 50. Zaidi ya hapo, sehemu ya Ghuba ya Walker, ambayo Hermanus iko ukingoni mwake, ni hifadhi isiyoingiwa na boti kuanzia Julai hadi Novemba. Majabali hayajawekewa mita 300. Mama na mtoto wakiamua kupumzika chini ya mwamba ulioukalia, wanaweza kuwa karibu nawe kuliko ambavyo boti yoyote isiyo na kibali ingethubutu, na unasikia wakipumua. Sheria hiyo si ukali wa maafisa. Mama yule asiyekula anatumia akiba isiyojazwa upya. Kila akishtuliwa akahama, anachoma mafuta ambayo yangekuwa maziwa. Kwa sababu hiyohiyo acheni droni nyumbani, nayo ni chombo cha kuruka, na msikodi mitumbwi kwa nia ya kuwasogelea.

Je, boti haina maana? Ina maana, na sitaki nikunyime. Ukiwa chini usawa wa maji unapata ukubwa ambao juu ya jabali huupati. Unanusa pumzi yake, nayo inanuka vibaya kama samaki waliochacha. Wakati mwingine boti imezima injini na nyangumi mwenyewe ndiye anayekuja kuichungulia. Mtoto wa miaka 11 hatasahau. Lakini pandeni mara moja, si tatu, na msianze nayo. Kaeni kwanza siku moja au mbili majabalini mjifunze kumwona, la sivyo dakika nyingi za boti mtazimaliza mkiulizana "yuko wapi?" Hata hivyo wekeni nafasi mara tu baada ya siku hizo za mwanzo za Hermanus, kwa sababu Agosti safari huahirishwa mara kwa mara kwa upepo, na mkiiweka siku ya mwisho hakuna pa kuisogeza. Kabla ya kulipa ulizeni mambo matatu: wana kibali cha kuonyesha nyangumi, wakiahirisha pesa inarudi au inahamishwa, na wanapokea mtoto wa umri gani.

Wa miaka mitano mimi ningemwacha nchi kavu na baba au bibi. Kichefuchefu cha baharini hutokea kwa sababu sikio la ndani linauambia ubongo "tunayumba" huku macho, yakitazama ndani ya boti, yanasema "tumetulia". Ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linalolipa. Mtu mzima unaweza kumwambia atazame upeo wa macho hadi habari mbili zipatane. Mtoto wa miaka mitano hutazama viatu vyake, anatapika, na safari inamalizika kwa watu wote. Kwa wanaopanda, dawa humezwa kabla ya kuondoka, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja kabla; ukisubiri hadi uanze kuumwa umechelewa. Nyingi huleta usingizi, na kipimo cha mtoto si nusu ya cha mtu mzima kwa kukisia. Mwone mfamasia ana kwa ana, umtajie umri, uzito na dawa nyingine wanazotumia, na anayeendesha gari baadaye siku hiyo asizimeze bila kuuliza.

Mama mkwe wako ni suala jingine, na hapa siwezi kuwa mpole. Boti ndogo za kasi hupanda juu ya wimbi na kuanguka, na kila kishindo hupanda kutoka kwenye kiti moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Kwa mwenye mifupa iliyopungua nguvu kwa umri au aliyewahi kupasuliwa mgongo, kishindo kimoja kinaweza kuvunja pingili. Boti kubwa hutikisika kidogo, lakini hata hiyo asipande kwa sababu mimi nimeandika kwamba ni kubwa. Aende kwa daktari anayelijua faili lake, wiki kadhaa kabla, amuulize wazi kuhusu ndege, gari la saa nne, barabara ya changarawe na boti, moja moja. Akikatazwa boti asijione amepunjwa. Kwenye safari hii mwenye benchi ndiye mwenye kiti cha mbele.

Tukirudi Hermanus, kuna jambo la mwanga ambalo wageni wengi hawalifikirii. Pwani ya mji inatazama kusini, na kule jua hupita upande wa kaskazini, yaani nyuma ya migongo yenu mkiwa mmeitazama bahari. Ndiyo maana pale mnaweza kuangalia karibu siku nzima bila mng'ao wa maji kuwachoma macho. De Kelders, upande wa pili wa ghuba ukipitia Stanford, ni mahali pazuri sana lakini panatazama magharibi: nendeni asubuhi, alasiri mtakuwa mkipambana na jua. Miwani ya jua inayokata mng'ao husaidia kuona mwili ulio chini ya maji. Darubini ya kukuza mara saba au nane inatosha. Yenye nguvu zaidi hutetemeka mkononi na hukupa kipande kidogo mno cha bahari.

Na msitafute nyangumi, tafuteni pumzi. Watoto wengi wamechorewa nyangumi mwenye chemchemi kichwani. Ile si chemchemi. Ni pumzi ya joto inayogeuka ukungu, kama ya kwako asubuhi ya baridi, na ya nyangumi huyu hutoka kwenye matundu mawili yaliyoachana, kwa hiyo ikionekana kwa mbele au kwa nyuma ina umbo la herufi V. Baada ya pumzi, tafuteni kiraka laini juu ya maji kama mafuta yamemwagika. Hiyo ni alama ya mkia uliosukuma maji kutoka chini. Na mkiona mwamba mweusi ambao wakati wa chai haukuwepo, msiondoe macho. Wakiwa na bahati, watoto watamwona akisimamisha mkia wote juu ya maji, ameutandaza mbele ya upepo kama tanga, dakika kadhaa. Wengine hudhani anacheza, wengine anapoza mwili. Mimi hupenda tu kutazama.

Adui wenu mkubwa ni upepo. Bahari ikijaa povu jeupe kila mahali, pumzi hupotea ndani ya povu na hata mwenye macho ya mwewe haoni. Agosti mawimbi ya hali ya hewa ya baridi huja kwa zamu: unaanza upepo wa kaskazini-magharibi na mawingu, mvua inanyesha siku moja au mbili, upepo unageukia kusini, kisha mara nyingi hufuata siku moja au mbili za utulivu na anga safi. Hizo za utulivu ndizo za dhahabu. Kwa usiku nne mna nafasi nzuri ya kuzipata. Kwa usiku mmoja mnacheza kamari. Kila asubuhi angalieni utabiri wa upepo kabla ya ule wa mvua. Mvua nyepesi bila upepo inavumilika kuliko jua kali lenye upepo. Bebeni makoti yasiyopitisha maji, kofia za kufunika masikio na soksi za ziada, kwa sababu anayekaa kwenye benchi saa mbili huganda haraka kuliko anayetembea.

Agosti ina kasoro moja nyingine. Watoto wa nyangumi wengi huzaliwa kipindi hicho, kwa hiyo mtawakuta wachanga na mama zao wametulia. Mwenye nafasi ya kwenda mwanzoni mwa Oktoba hukuta watoto wameshakua, wanaruka na kuchezea mikia. Nyinyi mna kalenda ya shule, basi. Na siwezi kukuuzia uhakika ambao bahari haijauza. Tangu miaka ya 2010 idadi inayofika pwani ile imekuwa ikipanda na kushuka bila utaratibu. Jike aliyekuwa akizaa kila mwaka wa tatu sasa mara nyingi huzaa kila mwaka wa nne au wa tano, na watafiti wanalihusisha hilo na mabadiliko ya chakula chao kule kusini: akirudi bila mafuta ya kutosha, hashiki mimba. Wasio na watoto wamepungua zaidi. Mama na watoto bado wanakuja kila mwaka, lakini picha za zamani za ghuba iliyojaa migongo msizifanye ahadi kwa watoto wenu.

De Hoop ndiyo sababu ya kutoka Hermanus. Ni hifadhi ya CapeNature, shirika la uhifadhi la jimbo la Western Cape, bahari yake nayo imehifadhiwa, na ni miongoni mwa sehemu kuu za uzazi za nyangumi huyu nchini. Pale Koppie Alleen mnapanda kwenye matuta ya mchanga mweupe, na chini yenu wako mama na watoto bila mji nyuma yenu. Kutoka maegesho kuna kutembea mchangani, kwa hiyo mpe bibi muda na fimbo. Kuna ada ya kuingia inayolipwa kwa randi, lango lina saa zake za kufungwa, na malazi ya Agosti hadi Oktoba huchukuliwa mapema sana. Wekeni nafasi hapo kabla hata ya tiketi za ndege. Jazeni mafuta na vyakula Bredasdorp. Kutoka hapo barabara ni ya changarawe kwa sehemu kubwa: gari dogo la kawaida linapita kukiwa kukavu, ila nendeni taratibu, msifunge breki ghafla, na msisafiri usiku. Siku ya kuchukua gari, simameni mezani muulize uso kwa uso kama bima inafunika tairi, vioo na sehemu ya chini ya gari kwenye changarawe, maana mara nyingi haifuniki, na muone kwa macho yenu kwamba tairi la akiba lipo na limejaa upepo.

Mengine ya barabarani ni mepesi. Wanaendesha kushoto. Leseni yenye picha na sahihi iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika. Sheria ya kiti cha mtoto inawataja walio chini ya miaka mitatu, lakini wa miaka mitano naye mkanda wa mtu mzima humpita shingoni, kwa hiyo agizeni kiti cha kumwinua mapema. Nyani wa upande wa Rooi-Els wanajua kufungua milango ya gari. Funga, na usiwape chakula hata wakikutazama kwa huruma.

Jambo moja nataka mlikubaliane kabla ya kuwasha injini: dereva si mtafuta nyangumi. Clarence Drive ina kona, na kila mtu anapopiga kelele "yule pale!" ni lazima yule mwenye usukani asigeuze shingo. Kuna sehemu nyingi za kuegesha. Simameni, shukeni, ndipo mtazame. Na majabalini msishuke kwenye miamba iliyolowa, hata kama bahari inaonekana imelala. Mwamba ukiwa umelowa, wimbi limekwishaufikia, na litarudi. Mkimkuta nyangumi aliyekwama ufuoni msimguse wala kumsukuma. Mkia wake unaweza kuua. Pigeni 112 kwa simu ya mkononi, mwambieni anayepokea mahali nyangumi alipo, na mzuie watoto mbali.

Sasa huyo wa miaka mitano. Ukimwambia "tazama bahari" amechoka dakika ya tatu, na ana haki. Mpe kazi. Akiona pumzi, aanze kuhesabu kwa sauti hadi itoke nyingine, na kaka au dada yake aandike namba kwenye daftari. Mama anayenyonyesha mara nyingi harefushi kuzama, na mtoto wa nyangumi huibuka mara nyingi zaidi kuliko mama yake, kwa hiyo namba za wawili hao zitatofautiana na mwanao ataligundua hilo mwenyewe, bila wewe kumfundisha. Mpe pia dakika zake za kukimbia kila nusu saa, chupa ya kitu cha moto, na ruhusa ya kusema hapendi. Siku ya kwanza msikae zaidi ya saa moja. Ya pili, mwacheni yeye ndiye aseme twende.